Ufukwe wa Tanganyika: Nguzo Kwanza, Mchanga Baadaye

Barabara ya lami inayotoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga imelileta Ziwa Tanganyika karibu na wakazi wa uwanda wa juu wa Ufipa. Safari hiyo ya kilomita zipatazo 112, ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha, siku hizi ni ya saa chache tu. Pamoja na lami hiyo yamekuja maswali mapya. Mtumishi anayekaribia kustaafu, mwalimu aliyejiwekea fedha zake katika chama cha akiba na mikopo, kijana aliyemaliza chuo na ambaye kazi yake yote imo ndani ya kompyuta, kila mmoja anaulizia kiwanja ufukweni: Kasanga, Kipili, Kirando au Kabwe. Huyu anataka nyumba ya wageni, yule chumba cha kugandishia samaki, na wa tatu anataka ofisi ya kufanyia kazi za mtandao huku akitazama maji.

Hamu hiyo ni njema na inastahili kutiwa moyo. Rukwa imeitwa mkoa wa pembezoni kwa miaka mingi mno, na mwananchi anayetaka kuweka akiba yake Kipili badala ya kuipeleka Dar es Salaam anaitendea haki nchi yake. Hata hivyo hamu peke yake haijui kuchagua mahali. Anayetafuta mahali pa biashara ufukweni mara nyingi huanza kwa kutazama mchanga, kisha mandhari, kisha bei ya kiwanja. Umeme na intaneti huviacha mwisho, akiamini kwamba vitamfuata. Utaratibu huo umekaa kichwa chini, miguu juu. Mchanga upo na utaendelea kuwapo. Kinachoamua kama biashara itaishi au itakufa ni nguzo na mnara, na hivyo ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwanza.

FUNZO LA UNGUJA

Yako mawazo kwamba ufukwe wenye watalii wengi ni lazima uwe na umeme wa uhakika. Historia ya Unguja inayakanusha mawazo hayo. Kisiwa hicho hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliotandazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba, na waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 iliharibika tena, na safari hiyo giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Katika miezi hiyo fukwe za Nungwi na Paje hazikupungua uzuri hata chembe. Hoteli kubwa ziliwasha jenereta zikaendelea na kazi. Walioumia ni mwenye mgahawa mdogo, fundi wa kuchomelea, muuza barafu na mshona nguo, pamoja na mama wa nyumbani ambaye bomba lake lilikauka kwa sababu pampu za maji nazo huendeshwa kwa umeme. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013 kwa fedha za mkataba uliotiwa sahihi na Marekani mwaka 2008. Mkataba huo huo ndio uliogharimia lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kwa hiyo Unguja na Ufipa zina undugu katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani.

Wala isidhaniwe kwamba pwani ya Bara, iliyo karibu na makao makuu ya kila kitu, imekingwa. Tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika, na intaneti ikazorota kutoka Dar es Salaam hadi mpakani. Hakuna mahali pasipozimika. Swali la haki kwa anayechagua mahali ni hili: siku pakizimika, mwenye biashara atashika nini mkononi?

UMEME WA UFIPA

Kwa upande wa Ufipa, jibu la swali hilo linaanzia ng'ambo ya mpaka. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga uliwashwa kwa umeme ulionunuliwa Zambia, ukapitishwa Mbala kwa njia ya kilovoti 66, na kusaidiwa na jenereta za dizeli. Jirani alitenda wema, na wema huo hauna budi kukumbukwa. Lakini jirani naye ana matatizo yake. Februari 2024 Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa. Maji ya bwawa la Kariba yalipungua kiasi cha kuwafanya Wazambia wenyewe wakose umeme kwa sehemu kubwa ya siku. Anayetegemea swichi ya jirani, ukame wa jirani humfikia hata kama shambani kwake mvua zimenyesha vema.

Ndiyo maana Serikali iliamua kujenga njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga, ili kuiunga Rukwa na Gridi ya Taifa na kuiunganisha Tanzania na Zambia. Njia hiyo ni kazi kubwa, hasa ikizingatiwa kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme Februari 2024. Umeme wa kutosha kuzalishwa Rufiji na umeme wa kutosha kufika Kasanga ni mambo mawili mbalimbali.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Msongo mkubwa unaishia juu, Sumbawanga, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Ziwa liko chini, kwenye mwinuko wa takriban mita 770. Kati ya viwili hivyo kuna mteremko wa karibu mita elfu moja, wenye miamba, misitu na makorongo, na umeme unaushuka kwa njia ndogo ya usambazaji iliyobebwa na nguzo. Mti mmoja ukianguka, nguzo moja ikiliwa na mchwa au kuchomwa na moto wa kiangazi, kijiji cha mwisho kinazima. Aidha, radi za Ufipa ni mashuhuri nchini kote, na hadithi nyingi za kishirikina zimetungwa juu yake. Fundi wa TANESCO hahitaji hadithi hizo. Anajua kwamba radi hutafuta kilicho kirefu, na juu ya mlima kilicho kirefu ni nguzo yake.

Kwa hiyo anayenunua kiwanja asiridhike na kauli kwamba "umeme umefika kijijini". Aulize umefika vipi. Je, ni wa njia moja au wa njia tatu? Njia moja hutosha taa, redio, jokofu la nyumbani na kompyuta. Kinu cha kusaga, mtambo wa barafu na chumba cha baridi cha kiasi kikubwa hutaka njia tatu. Transfoma iko umbali gani, na inahudumia nyumba ngapi? Njia ikikatika mlimani, fundi hutoka wapi, na hufika baada ya saa ngapi? Maswali haya hayana gharama, na majibu yake yanapatikana katika ofisi ya TANESCO ya wilaya na kwa wanakijiji wanaokaa gizani pindi jambo hilo linapotokea. Ni afadhali kuyauliza kabla ya kulipa kuliko kuyalilia baadaye.

MNARA NAO HULA UMEME

Wapo wanaosema kwamba zama hizi ni za simu, na kwamba mwenye simu ana intaneti popote alipo. Kauli hiyo inasahau kwamba mnara wa simu ni mashine kama mashine nyingine. Mnara hula umeme. Gridi ikizima hukimbilia betri, betri zikiisha hukimbilia jenereta, na mafuta ya jenereta hayana budi kuletwa kwa gari. Kijiji cha ufukweni kilichokosa umeme siku mbili huenda kikakosa na mtandao siku ya tatu. Umeme na intaneti, ambavyo watu huviandika kama mambo mawili katika orodha ya mahitaji, ni jambo moja lenye milango miwili.

Tena minara yote haiko sawa. Ule uliofungwa moja kwa moja kwenye mkongo wa mawasiliano una njia pana. Mwingine hupokea mawimbi kutoka mnara wa mlimani, nao wa mlimani ukipokea kutoka kwa mwingine, na wote hugawana njia moja nyembamba. Mchana, soko la samaki linapochangamka na kila mfanyabiashara anatuma fedha kwa simu, mtu anayetaka kufanya mkutano wa picha na mteja aliyeko Nairobi ataona sura ya mteja imeganda. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, katika sehemu nyingi umebebwa na nguzo hizo hizo za TANESCO. Kwa hiyo anayefuata njia kubwa ya umeme mara nyingi atakuta na njia kubwa ya mawasiliano.

Juhudi za kupeleka huduma vijijini zipo na zinaonekana. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hiyo ni hatua ya haki, kwa maana mvuvi wa Kirando ana haki ya kupiga simu sawa na mkazi wa Kariakoo. Lakini mnara wa kumwezesha mvuvi kupiga simu na mnara wa kubeba ofisi ya kazi za mtandao ni vitu viwili tofauti, na anayeuza kiwanja kwa kuvichanganya anamdanganya mnunuzi.

BARAFU

Utajiri wa mwambao huu ni samaki. Dagaa na migebuka ya Tanganyika husafirishwa mbali, na masoko ya Zambia na Kongo yako ng'ambo ya maji. Kwa miongo mingi meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilitia nanga Kipili na Kasanga ikielekea Mpulungu, na akina mama wenye matenga ya dagaa walijua ratiba yake kuliko kalenda ya ukutani. Dagaa hukaushwa juani, nalo jua halina LUKU. Mgebuka mbichi hauna subira hiyo. Ukikosa barafu, bei yake ya asubuhi si bei yake ya jioni, na anayeamua bei ya jioni ni mchuuzi mwenye gari na barafu yake mwenyewe.

Hapo ndipo suala la mahali pa biashara linapogeuka kuwa suala la haki. Penye umeme wa kuyumba, mwenye mtaji mkubwa hununua jenereta na kuendelea, na mwenye mtaji mdogo hufunga duka. Umeme usio wa uhakika ni kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote, nayo humtoza mnyonge kuliko tajiri. Mtambo mmoja wa barafu wa ushirika wa wavuvi, uliowekwa penye njia tatu ya kuaminika, utawaokoa wavuvi wengi zaidi kuliko majokofu ishirini yaliyotawanywa katika vibanda ishirini.

Hesabu ya mtambo huo nayo lazima ifanywe kwa uangalifu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa hilo, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Uamuzi huo ni wa busara, kwani bila samaki barafu ni maji tu. Lakini mwenye mkopo wa benki analipa riba hata katika miezi mitatu ambayo chumba chake ni kitupu. Asiyeiweka miezi hiyo katika hesabu zake hakupanga biashara, amepiga ramli.

MITA SITINI

Kabla ya kuacha suala la kiwanja chenyewe, inafaa ikumbukwe kwamba ziwa nalo lina kauli yake. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa kipindi cha miaka. Mwaka 2024 maji yake yaliingia katika makazi ya watu Bujumbura, Uvira na Kalemie. Nyumba zilizojengwa wakati maji yako chini zilijikuta ndani ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Wako wanaoiona sheria hiyo kama kero ya maofisa. Mzee yeyote wa Kipili anayekumbuka maji yalipofika miaka ya sitini atawaeleza kwamba sheria imeandika tu kile ambacho ziwa lilikwisha kukisema.

Mita sitini hizo zina faida nyingine. Ndizo zinazobakiza mwalo wa wavuvi, njia ya kuteka maji na mahali pa kuanikia dagaa. Nyumba ya wageni inayoufunga mwalo ili mgeni apate kivuli inakula mtaji wake yenyewe, kwani mgeni atakayekuja Kasanga atakuja kuona Maporomoko ya Kalambo, mabaki ya boma la Wajerumani walioliita Bismarckburg, na maisha ya wavuvi yanayoendelea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haikusemwa mwenyeji ahame.

BUSARA YA MALUNGU

Wafipa hawakuanza leo kuchagua mahali pa kiwanda. Kabla ya ukoloni, na hata miaka kadhaa baada ya wakoloni kuingia, mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, ambazo zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda huo. Fundi hakujenga ilungu kwa sababu mahali pana mandhari ya kupendeza. Alitafuta mahali ambapo mawe ya chuma, udongo wa kichuguu na miti ya makaa vinakutana kwa karibu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Kila hatua ilikuwa na mahali pake.

Busara hiyo inafaa leo. Si lazima biashara nzima ikae ufukweni kwa sababu tu ufukwe unapendeza. Kazi inayohitaji mkongo, kompyuta na mawasiliano ya kila saa, yaani uhasibu, uandishi, ufundishaji kwa mtandao, kupokea nafasi za wageni na kutafuta wateja, iwekwe Sumbawanga mjini, karibu na njia kubwa ya umeme na mafundi wake. Hali ya hewa ya baridi ya uwanda huo hata vyombo huipenda. Betri na kompyuta huchakaa upesi katika joto la ziwani. Kazi isiyoweza kuyaacha maji, yaani barafu, mitumbwi, jiko la samaki na vyumba vya kulala wageni, ndiyo ishuke Kasanga au Kipili, ikiwa na umeme wa gridi kwa mahitaji makubwa na nishati ya jua yenye betri kwa taa, simu na pampu ya maji. Jenereta ibaki kuwa akiba ya siku mbaya, maana lita ya dizeli iliyoshushwa mlimani hula faida ya siku nzima.

Kwa vijiji vilivyo mbali na gridi, mifano haikosekani nchini. Watawa wa Chipole mkoani Ruvuma walijenga kituo cha umeme wa maji cha Tulila chenye uwezo wa megawati 5, kilichoanza kazi mwaka 2015, na huuza umeme kwa TANESCO. Hawakusubiri waya kutoka mbali. Ufipa ina mito inayoporomoka kuelekea maziwa mawili, Tanganyika na Rukwa, na wanaushirika wa Nkasi na Kalambo hawakosi la kujifunza Chipole.

WAJIBU WA WATUMISHI

Mzigo wa mwisho ni wa watumishi wa umma, nao ni wa namna mbili. Mtumishi ndiye mnunuzi, kwa maana mkupuo wa mafao yake ndiyo fedha nyingi kuliko zote atakazozishika maishani, na hawezi kuupata mara ya pili. Mtumishi huyo huyo, akiwa katika halmashauri, ndiye mpimaji, mgawaji na mshauri. Akigawa viwanja vya biashara ufukweni bila kuonyesha njia ya umeme inapita wapi, ya njia ngapi, mnara uko wapi na mita sitini zinaishia wapi, anamtega mwenzake wa ofisi ya pili.

Halmashauri za Nkasi na Kalambo, zikishirikiana na TANESCO na makampuni ya simu, zinaweza kutengeneza ramani moja ya mwambao na kuibandika katika mbao za matangazo za kila kijiji na kila shule. Zinaweza kutenga maeneo machache ya biashara yaliyokusanyika, ambapo njia tatu moja na mnara mmoja madhubuti vitahudumia wengi, badala ya kumfuata kila mwenye fedha kwenye ghuba yake. Walimu nao wanaweza kuifanya ramani hiyo kuwa somo la jiografia, ili mtoto wa Kirando ajue kwa nini taa ya nyumbani kwao inazima kabla hajajua bei ya kiwanja.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihesabu ardhi miongoni mwa mambo ambayo maendeleo huyahitaji, lakini halikuihesabu peke yake. Liliitaja pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Ufukwe wa Tanganyika ni ardhi nzuri. Ukipangwa vema utawalisha wavuvi, wafanyabiashara na wastaafu wa Rukwa kwa pamoja. Ukiuzwa kwa kutazama mchanga, utabaki na majengo yenye vioo na jenereta zilizokauka mafuta, na wavuvi watakaokuwa wakizunguka ukuta wa mtu kwenda kuteka maji. Uchaguzi huo unafanywa sasa, kiwanja kimoja kimoja, mezani kwa ofisa ardhi. Anayekaa mezani hapo, na anayekuja mbele yake na fedha zake za jasho, wote wawili wainue macho kutoka kwenye mchanga na kuifuata nguzo kwa macho hadi mlimani, wajue inatoka wapi, kabla kalamu haijagusa karatasi.